Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ile Frigeti Chini ya Ngome

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Mahesabu atayasoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Niseme tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana na lile deni la viti limekwisha. Muda wangu nautaka kwa ajili ya merikebu, maana ndiyo iliyotutia aibu.

Mtakumbuka lalamiko lililoletwa mkutano uliopita. Mgeni mmoja alitembezwa Mji wa Kale na wenzetu wawili siku moja. Asubuhi akaambiwa frigeti ya Wareno, yaani merikebu yao ya vita, ilizama na dhahabu tele. Alasiri akaambiwa ililipuliwa vipande vipande. Akauliza, "Sasa nimwamini nani?" Kamati ikaamua kwamba mwaka huu kila mtembeza wageni aijue frigeti hiyo, Santo António de Tanná, kama anavyolijua jina la mama yake.

Basi tuelewane. Ilijengwa Bassein, pwani ya magharibi ya India, ikashushwa majini mwaka 1681 ikiwa na mizinga 42. Machi 1696 Waomani waliizingira Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa Mombasa, na waliokuwa ndani wakamalizwa na maradhi kuliko risasi. Mwisho wa Agosti 1697 kapteni wa Wareno naye akafa, na uongozi wa ngome ukashikwa na Bwana Dau wa Faza, kisiwani Pate, pamoja na jamaa zake, hadi frigeti ilipowasili na msaada kutoka Goa katikati ya Septemba. Mimi ningeanzia hapo kila siku. Ngome ya Mreno inalindwa na mtu wa Faza, na wageni wetu hawaambiwi!

Oktoba mizinga ya Waomani ikakata amari za frigeti, zile kamba za nanga. Haikuzama papo hapo. Ilichukuliwa na maji, ikapoteza usukani, ikarudishwa hadi chini ya ngome, na hapo ndipo ilipokwenda chini. Ngome yenyewe ilihimili hadi Desemba 1698.

Jinsi chombo kinavyochukuliwa na maji tulijionea wenyewe. Siku ya ziara yetu ya baharini mashine ya boti ilizimika mbele ya ngome, na maji yalikuwa ya bamvua, yanakupwa. Nahodha anavuta kamba ya mashine, anavuta tena, huku ukuta wa ngome unatupita kama tuko ndani ya matatu. Mzee wetu mmoja, fundi wa majahazi, akasema taratibu, "Hii ni boti ya watu kumi. Ile ilikuwa na mizinga." Nanga ilishika mara ya tatu. Kamati inaomba radhi, na boti ile hatutaikodi tena.

Wiki iliyofuata tulikwenda makumbusho ya Fort Jesus kuona vitu vilivyotolewa katika uchimbaji wa 1977 hadi 1980, ulioongozwa na mwanaakiolojia Robin Piercy. Kuna mitungi na vyombo vya kauri vya China. Vijana walizunguka kila kabati wakitafuta dhahabu. Fundi yeye alitaka mbao. Ikabidi aelezwe kwamba mkuku na mataruma, yaani uti na mbavu za merikebu, yaliyosalia yalipimwa, yakachorwa, kisha yakafukiwa tena mchangani palepale, kwa kuwa mbao za msaji zilizokaa majini karne tatu zikianikwa hupasuka na kusinyaa. Akatikisa kichwa. "Wamefanya vizuri. Msaji wenyewe unapenda chumvi." Tangu siku hiyo yeye ndiye mwalimu wetu wa somo hili, bila malipo, ila chai.

Wanachama kumi na mmoja wamelipita jaribio la mdomo juu ya merikebu hii. Wanne bado, na mmoja wao ni mimi, kwa sababu nilichanganya Bassein na Goa mbele ya watu.

Kamati inaleta hoja moja ya kupigiwa kura leo: asiyefanya jaribio kabla ya msimu wa meli za watalii asipangiwe zamu ya ngomeni. Katibu atagawa karatasi sasa.