Barua kwa mwanangu kabla hajaingia Labyrinth Canyon

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimetandaza ramani mezani. Umeamua kupita na kayaki katika makorongo ya jangwa la Utah, wewe na wenzako wawili, na nimefurahi mno. Mto Green mtakaoupita niliupiga kasia miaka ile nilipokuwa nafanya kazi Marekani, na sijui mahali pengine ambapo ningependa uende ukiwa na umri huo na nguvu hizo. Ila kuna sentensi moja imeninyima usingizi. Umeandika kwamba maji ya huko ni tulivu, hayana maporomoko, kwa hiyo hakuna mengi ya kupanga.

Ni kinyume kabisa. Maji ya kasi humwonya mtu kwa kelele kabla hajafika. Mto huu hauonyi. Unakuchukua taratibu upande mmoja tu, kuta za mawe zinapanda kushoto na kulia, simu inapoteza mtandao, na kurudi ulikotoka dhidi ya mkondo ukiwa na mzigo haiwezekani. Kilichosahauliwa mlipoanzia kimesahauliwa hadi mwisho wa safari. Ndiyo maana karibu uamuzi wote wa maana katika safari hii unafanyika kabla kayaki haijagusa maji, na ndiyo maana barua hii ni ndefu.

Kwanza, sehemu ya mto. Unasema mnasitasita kati ya Labyrinth na Stillwater, makorongo mawili ya mto huu. Ramani za mto huu zinahesabu maili kuanzia pale Green inapokutana na mto Colorado: makutano ni maili 0, Mineral Bottom ni maili 52, Ruby Ranch ni 97, na mji wa Green River uko kama maili 120. Labyrinth iko juu ya Mineral Bottom, Stillwater iko chini yake, ndani ya hifadhi ya taifa ya Canyonlands. Zote mbili ni tulivu na zote ni nzuri mno. Tofauti yake ni mlango wa kutokea. Labyrinth inaishia Mineral Bottom, ambapo gari linafika. Stillwater inaishia kwenye makutano, ambapo hakuna barabara yoyote. Inabidi boti ya injini iliyolipiwa mapema ije kuwachukua na kuwapandisha mto Colorado hadi karibu na mji wa Moab. Mkizembea mkaipita sehemu ya kuchukuliwa, maili kama 4 chini ya makutano inaanza Cataract Canyon, na maporomoko ya pale si ya kayaki za mizigo wala si ya watu wanaojifunza. Kwa safari yenu ya kwanza nakuomba mchague Labyrinth. Anzieni Ruby Ranch, mmalizie Mineral Bottom: maili 45, yaani kilomita 72 na kidogo. Ruby Ranch ni shamba la watu binafsi na wanatoza ada ya kuingiza vyombo majini, basi wasilianeni nao mapema.

Kilomita 72 kwa siku nne ni mwendo wa watu wenye nafasi ya kusimama. Mngeweza kwenda kwa siku tatu, lakini mtakuwa mnapita vitu vinavyostahili nusu siku kila kimoja, na siku ya upepo itawaharibia hesabu yote.

Kuhusu majira, umetaja Juni kwa sababu ya likizo. Juni, mwanangu, ndiyo mwezi ninaoukwepa. Theluji ya milimani inayeyuka kuanzia Mei, mto unajaa, na mara nyingi kituo cha vipimo cha mji wa Green River kinaonyesha zaidi ya futi za ujazo 10,000 kwa sekunde. Mkondo unakuwa na nguvu, mafungu ya mchanga yote yamezama, na sehemu za kulala zinakuwa chache kwa sababu kingo zimefunikwa na vichaka vya tamariski vilivyosongamana hadi majini. Maji yakianza kupungua, madimbwi yaliyobaki yanazaa mbu wa kukufanya ule chakula ndani ya hema. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 38, tena ni msimu wa mvua za ghafla za radi. Nusu ya pili ya Septemba ndiyo chaguo langu. Maji yameshuka, mara nyingi hadi futi 2,000 au 3,000, mafungu ya mchanga yamejitokeza kila baada ya kona, mchana una joto la kuvumilika na usiku unataka mfuko mzuri wa kulalia. Mtalipa kwa kupiga kasia zaidi, maana mkondo ni mdogo, na mara mojamoja mtashuka kuvuta kayaki mahali pa kina kifupi. Ni bei nafuu.

Sasa maji ya kunywa, na hapa naomba unisikilize kuliko popote. Mtaelea juu ya maji siku nne na hamtaweza kuyategemea. Mto Green umebeba udongo mwingi kiasi kwamba rangi yake ni ya chai ya maziwa, na chujio la kawaida la wapanda milima linaziba ndani ya dakika chache. Hesabu ni lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu watatu, siku nne, na siku moja ya akiba: lita 60. Hizo ni kilo 60 za maji peke yake, kilo 20 katika kila kayaki. Zipangeni katika vibuyu vya plastiki vya lita 5 au 10, si katika chombo kimoja kikubwa, ili kimoja kikipasuka msipoteze kila kitu. Vilazwe chini kabisa, katikati ya chombo karibu na unapokaa, vifungwe visiteleze. Kayaki yenye uzito chini inatulia. Yenye uzito nyuma inakataa kwenda mnakotaka upepo ukivuma.

Chukueni pia ndoo moja na kiasi kidogo cha shabu, ile ya kusafishia maji. Jioni chota maji ya mto, nyunyizia shabu kidogo, koroga taratibu, kisha yaache. Ukirudi baada ya chakula utaona mstari: juu maji yanaanza kung'aa, chini udongo umejikusanya laini kabisa, na mpaka kati yake unashuka polepole. Alfajiri mimina ya juu kwa uangalifu bila kutibua chini. Hayo yanafaa kuoshea vyombo na mwili, na yakichujwa kisha yakachemshwa ni akiba ya dharura. Usiyafanye mpango wa kwanza.

Upepo ndio utakaowachosha kuliko jua. Mara nyingi unaanza mchana na unapanda korongo, usoni kwenu, na kwa sababu mto unajipinda kila wakati hamtajua kona ipi itakuwa shwari na ipi itawarudisha nyuma. Amkeni gizani, muwe majini mapambazuko, na mwendo mkubwa wa siku uwe umekwisha kabla ya saa saba. Ukikutwa na upepo, bana ukingo wenye kivuli cha upepo, piga kasia fupifupi, na usijaribu kushindana nao katikati ya mto. Lakini usisogelee matawi yaliyoinamia majini. Maji yanapita katikati ya matawi, mtu na kayaki havipiti, na hata mkondo mdogo una nguvu ya kumbana mtu pale. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa muda wote mkiwa majini. Kila mmoja awe na lake, moja la ziada la kundi, na kasia moja la akiba. Na kabla ya safari, nendeni ziwani mkapindue kayaki kwa makusudi, mkajifunze kupanda tena mkiwa mmelowa na kuchoka. Fanyeni hadi mchoke kulifanya.

Kambi. Fungu la mchanga ni pazuri kulala: pana, safi, na mbu ni wachache. Ila panda sehemu ya juu yake, kwa sababu mvua iliyonyesha mbali sana, ambayo hamkuiona wala kuisikia, inaweza kuinua mto usiku. Kayaki zivutwe juu, zifungwe kwenye kitu kisichong'oka, makasia yalale karibu na mahema. Upepo wa usiku umewahi kubeba kayaki tupu ya mtu na kuitia mtoni, na korongoni humo hakuna pa kupata nyingine. Usipige hema kamwe kwenye mdomo wa korongo la pembeni, hata kama ni pakavu na pana kivuli kinachovutia. Makorongo yale ni mifereji ya mafuriko ya ghafla. Mawe na magogo utakayoyaona yamelala pale yaliletwa na maji. Mnaposhuka ukingoni, pimeni tope kwa kasia kabla ya mguu. Maji yakiwa yamepungua karibuni, lipo tope linalomeza hadi gotini na kubaki na kiatu.

Utaona pia ardhi nyeusi yenye vijinundu mbali kidogo na ukingo. Ni udongo hai, umeshikwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, na hatua moja inaharibu kilichojijenga kwa miaka mingi. Pita kwenye mawe, kwenye mchanga wa vijito, au kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa.

Choo nakueleza wazi kwa sababu wenzako wataona haya kukiuliza. Kibali cha Labyrinth mtakipata kutoka BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi za umma, na masharti yake ni pamoja na choo cha kubeba na karai la chuma la kuwashia moto. Kinyesi chote na karatasi zote vinatoka na nyinyi. Mkojo unaenda mtoni moja kwa moja, si mchangani, kwa sababu mvua ya kuusafisha mchanga ule ni haba na mwenzio atalala hapo kesho. Majivu yanabebwa. Maji ya kuoshea vyombo yanachujwa makombo kwanza. Chukua choo kizuri chenye mfuniko wa kukaza, na mfanye zamu ya kukibeba tangu siku ya kwanza ili pasiwe na ugomvi.

Chakula nakuachia wewe, unajua kupika kuliko mimi. Nakuomba tu kiwe katika mifuko isiyopitisha maji, na kigawanywe katika kayaki zote tatu. Mpelelezi wa Marekani John Wesley Powell alipopita hapo Julai 1869, mkono mmoja ameupoteza vitani Shiloh, alikuwa ameanza safari na watu wengine 9, mashua 4 na chakula cha miezi kumi. Mashua moja ilivunjikia kwenye maporomoko ya juu ikiwa na sehemu kubwa ya akiba, na unga uliobaki ukawa unalowa na kuvunda. Hata hivyo yeye na wenzake walistaajabia utulivu wa sehemu hii, na majina Labyrinth na Stillwater ni yao.

Bowknot Bend ndipo nataka mpumzike muda mrefu. Mto unazunguka kama maili 7, kisha unarudi hadi chini ya nusu kilomita kutoka ulipoanzia kugeuka. Ipo njia ya miguu inayopanda hadi kwenye ukingo mwembamba wa mwamba, na ukisimama pale unaona mto uleule pande zote mbili, mlikotoka na mtakakofika. Pandeni asubuhi, na maji ya kunywa mkononi. Chini zaidi, katika Hell Roaring Canyon, mtegaji wanyama aitwaye Denis Julien alichonga jina lake na tarehe 3 Mei 1836. Litazameni, msiliguse, wala msiongeze yenu.

Gari la kuwachukua Mineral Bottom likodishwe mapema kutoka Moab. Barabara ile inashuka ukuta wa korongo kwa kona kali, na udongo wake ukilowa gari halipiti. Mvua ya Agosti 2010 iliibomoa ikafungwa kwa miezi. Ndiyo sababu nimesisitiza siku ya akiba. Mvua ikinyesha siku ya mwisho, kaeni hapo mkasubiri ikauke, msianze kupanda kwa miguu.

Kodisheni kifaa cha mawasiliano cha setilaiti na mkijaribu nyumbani kwanza. Kila jioni nitumie neno moja tu na mahali mlipo. Tukubaliane mapema: jioni moja ikipita kimya sitafanya lolote, maana kuta zile huzuia mawimbi, ya pili ikipita, napiga simu kwa kampuni ya gari na kwa ofisi ya sheriff wa kaunti. Niandikie namba zote mbili, majina kamili ya wenzako, rangi za kayaki, na maili ya kila kambi mnayokusudia. Nazihitaji kabla hamjalipia chochote.

Wasalimie wenzako. Mama yako anauliza kama mfuko wako wa kulalia bado una ule zipu mbovu; kama ndivyo, sema mapema tukutumie mwingine.

Baba yako