Kabla hujanunua seva kubwa zaidi kwa ajili ya ramani yako

Wateja wengi wanatufikia na lalamiko lilelile: sehemu ya "maduka yaliyo karibu nawe" ilikuwa ikifunguka papo hapo, sasa inazunguka mpaka mtumiaji anakata tamaa. Wengi wameshaambiwa waongeze seva. Sisi tunawaomba wasubiri kwanza. Kama kanzidata (mfumo unaohifadhi na kutafuta data yako) inapima umbali wa kila duka nchini ili kumpatia mtu wa Kariakoo duka la jirani, seva mpya itakupa nafuu ya muda tu. Maduka yakiongezeka, utarudi palepale.

Hali tunayoikuta sana ni hii. Jedwali lina safu ya latitudo na safu ya longitudo, kila moja na faharasa yake ya kawaida (orodha ya kutafutia haraka, kama ile ya nyuma ya kitabu). Ukitazama haraka, huoni kasoro. Lakini Kariakoo na mji wa Morogoro viko karibu latitudo ileile, nyuzi 6.8 kusini. Ukiuliza maduka ya Kariakoo, faharasa ya latitudo inakuletea ukanda mzima kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Tanganyika, Morogoro ikiwemo. Ile ya longitudo nayo inaleta ukanda wake wa kaskazini hadi kusini. Kazi ya kuchambua bado iko palepale.

Kinachohitajika ni faharasa inayotazama pande zote mbili kwa pamoja. Antonin Guttman aliieleza mwaka 1984 kwa jina la R-tree, na PostGIS, nyongeza ya ramani ya kanzidata ya PostgreSQL tunayoitumia kila siku, inafuata wazo hilo. Vitu vilivyo jirani hufungwa ndani ya mstatili mmoja, na mistatili iliyo jirani ndani ya mstatili mkubwa zaidi. Mgeni anayetafuta nyumba huulizia wilaya, kisha kata, kisha mtaa, ndipo anapiga hodi. Hagongi kila mlango wa jiji. Kanzidata nayo huacha mistatili isiyohusika bila kuifungua, na kipimo kamili hufanyika kwa wachache waliobaki.

Faharasa peke yake haitoshi, maana swali likiandikwa vibaya haitaguswa. Ukiandika `ST_Distance(a, b) < 500`, kanzidata inalazimika kupima kila mstari wa jedwali. Andika `ST_DWithin(a, b, 500)` na faharasa inaingia kazini. Hakikisha pia hiyo 500 ni mita. Data ikiwa kwenye aina ya geometry yenye namba 4326 (yaani latitudo na longitudo), kipimo ni nyuzi, na nyuzi moja hapa kwetu ni kama kilomita 111, kwa hiyo umeomba dunia nzima. Kwa biashara ya Dar es Salaam pekee tunapendelea UTM kanda ya 37 kusini, gridi ya ramani inayopima kwa mita. Ukihudumia hadi Dodoma na Kigoma, tumia geography, aina ya data inayopima kwa mita juu ya uso wa dunia, kwa sababu nchi yetu inaangukia kanda tatu za UTM.

Mipaka mikubwa ina mtego wake. Mkoa wa Pwani unaizunguka Dar es Salaam upande wa bara na una Mafia baharini, hivyo mstatili wake unaimeza Dar es Salaam yote. Kila mteja wa Ilala anapita mchujo wa kwanza kama mtu wa Pwani, kisha inabidi alinganishwe na mpaka mrefu wenye mikunjo yote ya delta ya Rufiji. Tunaukata mpaka huo vipande vidogo kwa `ST_Subdivide`, na kazi nyingi ya bure inaisha. Tunaipenda sana dawa hii, maana inagusa kidogo tu programu ya mteja.

Kwa "bodaboda watano walio karibu", panga kwa alama ya `<->` na uweke LIMIT (idadi unayotaka), usikisie ukubwa wa duara la kutafutia. Ila kumbuka kivuko. Kutoka Magogoni hadi Kigamboni, kwa mstari ulionyooka, hata kilomita haifiki, lakini kwa barabara dereva anazunguka hadi Daraja la Nyerere. Hapo tunachukua walio karibu kwa mstari ulionyooka, mmoja baada ya mwingine, na kupima njia halisi ya kila mmoja. Kwa kuwa barabara haiwezi kuwa fupi kuliko mstari ulionyooka, tunasimama pale mstari wa anayefuata unapozidi njia ya tano kwa ufupi kati ya tulizokwisha kupima. Jibu ni sahihi, na hatukupima njia za jiji zima.

Mahali madereva walipo sasa pakae kwenye jedwali lake dogo, mbali na historia ya safari, ili utafutaji huu usipite kwenye rekodi za zamani.

Ukitaka tukuangalizie, tutumie swali linalochelewa pamoja na matokeo ya `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`, amri inayoonyesha jinsi kanzidata ilivyolitekeleza swali hilo. Ficha majina, simu na sehemu walipo wateja wako, hatuzihitaji. Ukiona maneno "Seq Scan" (yaani jedwali limesomwa lote, mstari kwa mstari) kwenye jedwali lako kubwa kuliko yote, tuwekee alama hapo, ndipo tutakapoanzia.