Haukuwa upepo, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Nimeliona boksi. Umelipiga picha ukaliweka status, droni mpya, chini umeandika "tunarudi hewani", watu wanakupongeza wee, na mimi niliyekuonesha stiki ya kushoto ya rimoti inafanya nini na ya kulia inafanya nini sijatumiwa hata neno. Sawa. Simu yangu hupokei, meseji unasoma unanyamaza, mama naye akituletea salamu anazikata nusu kwa kuogopa tutagombana upya, kwa hiyo naandika hapa, maana hapa najua unasomaga kila kitu hata kama hutaki mtu ajue.

Kwanza hongera, na natoka moyoni. Una mkono mzuri tangu mwanzo, mkono mtulivu, hushtuistui stiki kama wengi wanaoanza, na ile siku ya kwanza uliponing'inizia droni pale pale usawa wa kichwa bila kusogea nilimwambia mama huyu ataniacha mbali. Hilo sijalifuta. Ndiyo maana lile lililotokea kwenye harusi ya kitinda mimba wetu limenikaa mpaka leo, angekuwa mtu asiyejua ningesema hajui.

Umekuwa ukiwaambia watu ni upepo ulioiangusha droni yako pale harusini. Umemwambia mama, umemwambia shemeji yako, juzi nasikia umemwambia hadi bwana harusi. Haukuwa upepo. Majani ya ule mti hayakutikisika siku ile, tena wewe mwenyewe kabla hujarusha ulisema hewa imetulia tuli, nilikuwa nyuma yako nikasikia.

Ilikuwa spika. Uliiweka droni juu ya ile spika kubwa nyeusi kwa sababu chini watu walikuwa wamejaa, ukaiwashia hapo, na ndani ya spika mna sumaku, tena kubwa. Nilikwambia kabla ya siku ile na narudia sasa kwa sababu naona bado hujalishika: droni inajua iko wapi kwa GPS, yaani ishara za setilaiti, lakini inajua imetazama wapi kwa dira, na dira inategemea sumaku ya dunia ambayo ni dhaifu mno, ukiisogeza karibu na spika, au gari, au zege lenye nondo ndani, inaamini kaskazini iko mahali ambapo haipo. Sasa ikishapaa, GPS inaiambia umesogea rudi kulia, inarudi, lakini kulia inakokujua yenyewe siko, inazidi kupotea, inajisahihisha tena, inakosea tena, na ndo unaona lile duara, linaanza dogo linapanuka na mwendo unaongezeka. Wote tuliliona lile duara. Upepo haupeleki droni kwenye duara mdogo wangu, upepo ukiisukuma droni yenye dira nzima inainama kuuelekea na kung'ang'ania pale pale, na upepo ukiizidi nguvu inaburutwa kuelekea upande mmoja basi. Ile ilikuwa inazunguka.

Na kioo cha rimoti kilikuambia. Onyo la dira lilitokea kabla hujanyanyua, nikakuona unalifuta kwa dole gumba kama mtu anayefuta tangazo. Hapo ndo pa kuzima, unaibeba unaenda mbali na vyuma unaiwasha upya, dakika mbili tatu, bibi harusi asingekimbia.

Halafu ikagonga kamba ya turubai, halafu ikaanguka kule walikokuwa wanacheza watoto.

Unasema nilikudhalilisha, nilikunyang'anya rimoti mbele ya ukoo mzima na marafiki zako. Ndiyo nilikunyang'anya, na ningefanya hivyo hivyo leo. Droni ilikuwa imelala ubavu juu ya mkono wa mtoto na propela mbili bado zinasaga, na wewe umeganda, macho kwenye kioo, unasukuma stiki juu kana kwamba itanyanyuka. Mtu akishaganda humwambii fanya hivi, unafanya. Nilivuta stiki zote mbili chini kwa ndani mpaka mota zikazima, ndivyo zinavyozimwa kwenye ile droni yako ya zamani, na nyingi nyingine, ila hii mpya usinukuu mimi, soma kijitabu chake kabla hujafunga hata propela moja, maana zipo zinazozimika tofauti. Hilo ndilo la kwanza kulijua, kabla ya kujua kuiwasha. Watu wanajifunza kupaa na kutua, kuzima wakati mambo yameharibika hawajifunzi.

Lakini hata hilo silo linaloniamsha usiku. Kuganda kila mtu anaganda, na kuanguka droni zinaanguka. Linaloniamsha ni kwamba mota zilipozima ulikimbia, nikafikiri unamkimbilia mtoto, ukainua droni. Ukaigeuza, ukafuta kioo cha kamera na shati, ukasema "kamera iko poa". Mtoto analia anasema ba'mdogo, ba'mdogo, anakuita wewe, na damu inamtoka mkononi, na wewe unasema kamera iko poa. Nimejaribu sana kulielezea hilo kwa njia ya kukutetea, mshtuko, aibu, sijui nini, na kuna siku naweza na kuna siku siwezi.

Ameshonwa, amepona, alama imebaki ndogo anaionesha kila mgeni. Wewe hujaja kuiona.

Basi, hiyo mpya.

Umeandika kwamba ni ndogo, haifiki gramu 250, kwa hiyo "haina sheria". Nani kakwambia? Gramu 250 ni mpaka ambao nchi nyingi wameuweka, chini ya hapo usajili unakuwa mwepesi au haupo, hayo tu. Marekani kwa mfano droni ya kujifurahisha ya chini ya hapo husajili, lakini ule mtihani wao mfupi wa usalama unaufanya bado. Kule Umoja wa Ulaya hata ndogo hiyo ikiwa na kamera mwenye nayo anajisajili, na juu ya mkusanyiko wa watu hupiti hata iwe nyepesi kiasi gani. Na mita 120 kwenda juu ndiyo dari kwenye nchi nyingi, kwa sababu juu ya hapo unaanza kukutana na ndege zenye roho za watu ndani. Unakoishi sasa sheria yao ni yao, ingia tovuti ya mamlaka yao ya anga usome mwenyewe, wapo wanaotaka kibali hata kwa kimdoli na wapo wanaokamata kwenye forodha. Usimuulize muuzaji, muuzaji anataka kuuza.

Na usiniambie ndogo haina madhara. Tarehe 9 Januari 2025, moto unaunguza Los Angeles, kuna mtu alirusha droni yake akaangalie moto, ikaenda zaidi ya mita 2,500 kutoka aliposimama, haioni tena kwa macho, ikagonga ndege ya kuzima moto iliyotoka Kanada na watu wawili ndani. Ikatoboa bawa la kushoto. Walitua salama, lakini ndege ya kumwaga maji ikakaa chini kutengenezwa wakati nyumba za watu zinaungua. Hakuwa mtu mbaya naamini, alitaka kuona tu. Ndiyo maana nakukaba koo na hili la kuiona droni kwa macho yako, macho siyo kioo, kioo kinakuonesha mbele ya kamera tu, kinachokuja kutoka nyuma au ubavuni hukioni, na nyaya za umeme hata vile vihisi vyake vya kukwepa vizuizi mara nyingi havizioni, nyembamba mno, matawi makavu na vioo pia hivyo hivyo.

Najua utasema unajua kurusha. Unajua ikiwa imekupa mgongo. Pua ikigeukia kwako kulia kunakuwa kushoto, ukisukuma stiki kulia yenyewe inaenda kulia kwake ambako kwako ni kushoto, na mtu akishtuka mkono unafuata mazoea, ndo wengi wanaibamiza ukutani. Hilo hulijifunzi kwa kuelezwa. Nenda uwanja mtupu, inyanyue mita mbili hivi, iache ielee kama nusu dakika uone kama inatulia au inahamahama (siku ile ungefanya hivi tu duara ungeliona ikiwa usawa wa kifua na si juu ya vichwa vya watu), halafu chora mraba pua ikitazama mbele, halafu mraba ule ule pua ikikutazama wewe, polepole, mpaka mkono uache kubishana na kichwa. Inachosha. Na mimi ilinichosha, nilikuwa natamani kupiga vidio za machweo kama wenzangu nikabaki nachora miraba, na wewe ulinicheka, sasa uliza nani kati yetu hajawahi kumwaga damu ya mtu. Simuleta (programu ya kurushia droni ya kuigiza) pia ipo, iweke kwenye kompyuta, humo anguka utakavyo.

Halafu kile kitufe cha kujirudisha unachokiamini kuliko mimi dada yako. Kinairudisha droni pale ilipoandika kuwa ndiyo nyumbani, na inaandika ikishapata setilaiti za kutosha, ukiharakisha kupaa kabla haijaandika usishangae ikikumbuka mahali pengine. Na nyingi kabla ya kurudi zinapanda kwanza mpaka kimo ulichoziwekea ndo zinanyoosha, kwa hiyo kama kimo ni mita 20 na kati yako nayo kuna mti wa mita 25 ujue, na kama iko chini ya tawi au paa inapanda humo humo. Seti kimo kila unapohama mahali. Na upepo (huu wa kweli sasa) ukiwepo anza kwa kwenda kinyume nao, ili wakati wa kurudi betri imechoka usukumwe kurudi. Betri ikigusa asilimia 30 wewe uko njiani kurudi, na usingoje ianze kupiga kelele. Kushuka nako usiiangushe wima kwa kasi, inazama kwenye hewa iliyoichafua yenyewe inayumba, ishushe huku inatembea mbele kidogo.

Betri. Mama ameniuliza tena betri yako ya zamani iko wapi, kumbe umemwambia nimeing'ang'ania kwa roho mbaya. Nimeitoa ndani ya nyumba kwa sababu imevimba. Uliiacha imejaa kabisa kwenye gari juani, na betri hizi za lithiamu hazitaki kulazwa zimejaa, seli ikijaa kwa kawaida inafika volti 4.2, ya kulala inatakiwa kwenye 3.8 hivi, ukiiacha juu na joto juu yake ndani inatoa gesi inatuna, na iliyotuna hairuki tena, haichajiwi, haitobolewi hata kwa utani. Nimeipeleka kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Kwa hiyo hairudi, na ungeniuliza mimi ungejua zamani. Hizi mpya usizichaji umelala, usichaji ikiwa bado ya moto kutoka hewani, na ukisafiri kwa ndege, betri za akiba unazibeba mkononi ndani, kwenye mzigo wa chini haziruhusiwi.

Nimeandika mengi, na najua utasoma utasema dada anajifanya mwalimu. Basi nijifanye. Nilikufundisha kwa sababu uliniomba, na watu walinigeukia mimi siku ile wakauliza nani kampa kijana huyu droni, nikanyamaza, sikusema "nilimuonya", sikukutaja. Hilo huwa unalisahau unapohesabu niliyokutendea.

Wifi yangu, mama wa yule mtoto, hajakukasirikia kama unavyodhani. Anasubiri simu. Mama asimpigie kwa niaba yako na wala mimi sitabeba ujumbe, piga mwenyewe, na usianze na hadithi ya hali ya hewa. Mtoto naye kila akiona droni kwenye runinga anauliza ya ba'mdogo iko wapi, haogopi, wewe ndo unaogopa.

Ukija likizo nitakuwa na nafasi asubuhi, kabla upepo haujaamka. Isasishe programu yake ukiwa nyumbani kwenye intaneti nzuri, rimoti na droni zote mbili. Na zile propela za akiba ziache kwenye pakiti mpaka uje, zina alama, nusu zinazunguka huku na nusu kule, ukifunga ya upande usio wake inapinduka hapo hapo chini kabla haijanyanyuka.