Mikosi sita uliyomtwika yule msichana

Mwanangu mpenzi,

Hadithi yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi baba yako akaja kuuliza kulikoni. Pale daftari linapotumbukia topeni, na mwenyewe analifuata, umeandika vizuri kweli. Mara ya pili sikucheka. Nilihesabu. Yule msichana aliyehama dawati amepatwa na mikosi sita katika kurasa nne, na huyu aliyeachwa peke yake hakujikwaa hata kidole. Hapo nikajua nani alikuwa ameshika kalamu, na alikuwa na hasira kiasi gani.

Sikukatazi. Mwandishi ndiye mgawaji wa bahati, ampe amtakaye, amnyime amtakaye. Ila wewe mkosi unautumia kama fimbo, na vitabu unavyovipenda havifanyi hivyo. Chukua Holes cha Louis Sachar, cha mwaka 1998, ulichokisoma chini ya shuka ukidhani sioni mwanga. Stanley anahukumiwa kwa viatu vya wizi vilivyomwangukia tu kutoka juu, anapelekwa kambini kuchimba kila siku shimo la futi 5 kwenda chini na futi 5 upana. Kwao wanasema ni laana ya babu wa babu yake aliyevunja ahadi. Sasa mwangalie na Zero, mwenzake wa kambini. Zero anapomwomba amfundishe kusoma, Stanley anakataa! Amechoka, na Zero ni mtoto ambaye hata wenzake hawamhesabu. Wanasogeleana polepole, baada ya Zero kumchimbia shimo bila kuombwa. Na kumbe viatu vile Zero ndiye aliyeviiba. Mkosi wa Stanley ulikuja na miguu, na miguu ilikuwa ya rafiki yake. Anapolijua hilo hamchukii, wala hamwiti nuksi.

Lakini huko ni urafiki unaozaliwa. Wako umepungua, na kwa hilo nakupeleka kwa E. B. White, Charlotte's Web, 1952. Watu wote humkumbuka buibui. Mimi humkumbuka yule msichana, Fern. Ana miaka 8, analing'ang'ania shoka la baba yake ili kile kitoto cha nguruwe kisiuawe, kisha anakinywesha maziwa kwa chupa. Kurasa nyingi baadaye nguruwe huyo, Wilbur, anapewa tuzo mbele ya umati, na Fern anafanya nini? Anamwomba mama yake hela, anakimbia kumtafuta mvulana mmoja, Henry, wapande lile gurudumu kubwa la maonyesho. Mwishoni haji tena zizini kama zamani. Hakuna aliyegombana na mwenzake. White hamwangushi topeni, hamtii maradhini, hamlizi kwa majuto. Amekua, basi. Nilipokuwa na umri wako ukurasa ule ulinikera mno. Siku hizi naona ndio uliohitaji ujasiri kuliko kurasa zote za kitabu kile.

Hadithi yako umeifunga kwa herufi kubwa: AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI. Sawa. Fern alimfaa Wilbur kwa dhiki, akaondoka wakati wa raha. Tumwiteje? Nimeizungusha methali hiyo kichwani siku kadhaa na bado inanishinda.

Maana hata rafiki yako alikufaa. Ile siku uliposimama mbele ya darasa na shairi likakupotea, nani alitamka mstari wa kwanza ili uukamate? Siku hiyo haimo katika kurasa zako nne. Nimeitafuta.

Nikuambie na langu. Mimi niliwahi kuwa huyo anayehama. Sikuwa na kosa la kumtajia mwenzangu. Nilianza tu kucheka zaidi nikiwa na wengine, na kila nilipomwona nikaongeza mwendo. Kama aliniandikia hadithi ya mikosi, sikuwahi kuisoma.

Tope lisiondoe, tafadhali, ni sehemu nzuri mno. Ile mikosi mingine mitano sijui. Labda mmoja umhamishie huyu aliyebaki kwenye dawati, tuone nani atageuka kumtazama.

Charlotte's Web nimekiweka juu ya mto wako. Ukurasa wa Fern nimeukunja pembe. Najua hupendi, nilikosa karatasi ya kuwekea alama.

Mama yako