Dada mshauri wa soba hausi, ahsante

Dada yangu wa soba hausi, ile nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya, popote ulipo hapa Unguja, ahsante sana. Wengine walinihimiza niache unga, yaani heroini. Wewe ulinifundisha hamu inaanzia wapi. Ulinipa daftari niandike: nilikuwa wapi, niliwaza nini, mwili ulihisi nini, kisha nikafanya nini. Humo nikaona kuwa kinachonivuta kwenye unga si maskani, yaani kijiweni, peke yake. Pesa mkononi jioni ndiyo hatari zaidi, na hili wengi hawalisemi. Lile wazo la "mara moja tu haidhuru" ukanifunza kulihoji: mara iliyopita iliishia wapi? Sasa ujira wangu anaupokea mama, na hamu ikipanda nampigia mwenzangu, tunazungumza mpaka ishuke. Na hushuka kweli. Mungu akulipe kheri, wewe na wazazi waliokulea.