Elia, usiende kwa mchomeleaji

Dar es Salaam,
Jumatano usiku

Kaka Elia,

Salamu sana. Hujambo, mama hajambo, wanao hawajambo? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Mengine nitakuuliza chini, maana Rehema anapanda basi la alfajiri kuja huko Moshi na amenipa nusu saa tu niandike. Simu yako tangu Jumapili haipatikani. Uliiuza?

Sasa nisikilize. Rehema kaniambia pedali za klipu, zile zinazonasa kiatu, zimekufikia, za zamani umeanza kuzitoa, ya kulia imetoka, ya kushoto imegoma, na Ijumaa ukimaliza kipindi cha mwisho unapeleka baiskeli kwa mchomeleaji aipashe moto. Elia, usiende kwa mchomeleaji. Nakuomba. Hiyo pedali haijagoma, wewe ndiye unayeikaza.

Ya kushoto tredi yake, ile mistari ya skrubu, imegeuzwa. Ya kulia inafunguka kama nati nyingine zote, kinyume cha saa. Ya kushoto inafunguka kwa kufuata saa. Ukishindwa kukumbuka hilo, kumbuka hivi: simamisha baiskeli, weka spana juu ya ekseli ya pedali, sehemu ya juu ya ekseli ikizunguka kuelekea gurudumu la nyuma unafungua, ikielekea gurudumu la mbele unafunga. Pande zote mbili ni hivyo hivyo, huhitaji kuwaza saa wala kulia na kushoto. Mtoto yeyote anayeziba pancha chini ya mwembe angekwambia hili bure, lakini wewe na digrii yako huwezi kwenda kuuliza chini ya mwembe.

Na kinachonichekesha ni kwamba unafundisha fizikia. Najua utabisha, kwa hiyo nakujibu kabisa. Utasema msuguano wa beringi unaisukuma ekseli upande wa kufunguka, kwa hiyo waliogeuza tredi wamekosea. Haya, chukua penseli, ishike kwenye ngumi uliyoilegeza, kisha ncha yake izungushe kwa duara. Utaona penseli yenyewe inajiviringisha upande wa pili. Ndicho kinachotokea ndani ya tundu la krenki, ule mkono unaobeba pedali: uzito wa mguu unaizunguka ekseli, na ekseli inajiviringisha kinyume chake, kidogo kidogo, kwa nguvu inayoushinda ule msuguano. Tredi ya kushoto ingekuwa ya kawaida, pedali ingejifungua yenyewe njiani. Ndugu Wright, hao hao wa ndege ya 1903, walikuwa na duka la baiskeli kule Dayton, Ohio, na wao ni miongoni mwa waliotangulia kuuza baiskeli zenye tredi ya kushoto iliyogeuzwa. Wape jaribio la penseli kidato cha tatu, wataacha kusinzia.

Sasa shida ni kwamba umeshaikaza kwa muda gani sijui, na kwa nguvu zako zile za kuvuta kamba kwenye mashindano ya shule. Kwa hiyo itakuwa ngumu kweli, hapo sikatai. Krenki yako ni ya aluminiamu na ekseli ni ya chuma. Chuma hakina neno, zitakazoumia ni tredi za krenki. Zikiliwa, ujue unatafuta krenki nyingine. Na moto ndiyo kabisa: unaidhoofisha aluminiamu, unababua rangi na kukausha grisi. Huyo mchomeleaji wako ni hodari wa mageti, abaki kwenye mageti.

Ndani ya kifurushi alichobeba Rehema kuna spana namba 15, ndefu, nyembamba mdomoni. Hiyo ndiyo ya pedali. Spana za kawaida huwa nene, haziingii vizuri kati ya pedali na krenki. Si yangu, ni ya Mzee Chande, na unamjua Mzee Chande. Amenipa huku akiishikilia upande wa pili, nikavuta, akavuta. Lazima irudi na Rehema Jumatatu, la sivyo tusionane tena barazani kwake.

Fanya hivi. Leo usiku mwagia mafuta ya kulegeza kutu pale ekseli inapoingilia krenki, upande wa nje, na upande wa ndani pia kama tundu limetokeza. Acha mpaka kesho. Kesho baiskeli isimame chini kwa magurudumu yake, usiipindue. Krenki ya kushoto ielekee mbele, imelala sawa na ardhi. Vika spana, mpini wake uelekee nyuma, uwe juu ya mkono wa krenki kidogo tu, kama mkasi uliofunguka nusu. Kisha shika mpini na krenki kwa pamoja na uminye. Hapo nguvu yote inaingia kwenye tredi, baiskeli haikimbii wala huhitaji bomba la kurefushia. Ikigoma, mwite mwanao mkubwa aishikilie krenki isizunguke kurudi nyuma, wewe ukandamize mpini kwa uzito wa mwili, taratibu, bila kurukiarukia. Utasikia “tak!” Ukiisikia hiyo, nikumbuke kwenye dua.

Pedali mpya usizivamie kwa haraka. Angalia mwisho wa ekseli, zimeandikwa R na L. R ni ya kulia, L ni ya kushoto. Haziingiliani, ila mtu mwenye nguvu na haraka anaweza kuzilazimisha zikaanza, na hapo ndipo krenki zinapokufa. Futa tredi za krenki kwa kitambaa mpaka kitoke safi, paka grisi kwenye tredi za pedali (grisi yoyote ya beringi inatosha, ile ya kopo la kwa fundi pikipiki), kisha anza kwa vidole. Vidole vitupu, bila spana. Inatakiwa iingie mizunguko kadhaa kwa ulaini wa kifuniko cha chupa mpya. Ikikwama mzunguko wa kwanza, toa, anza upya. Ukifika mwisho ndiyo spana. Watengenezaji wanataka nyutoni-mita 35 hadi 55, na kwa kuwa hatuna kifaa cha kupimia, kaza mpaka ikae vizuri, ongeza kidogo, acha. Grisi na safari vitamalizia, halafu siku ukitaka kuzitoa hutanitukana.

Kama pedali zako mpya hazina mahali pa kushikia spana, tazama nyuma ya ekseli, kuna tundu la pembe sita la alenki, ya 6 au ya 8. Ukiingiza kutokea ndani usichanganyikiwe, kanuni ni ile ile: ekseli ikizunguka kuelekea mbele unafunga.

Nimeandika kurasa mbili kuhusu pedali tu. Rehema anapiga honi ya kinywa, eti ana usingizi. Asubiri.

Maana pedali kufungwa ndiyo kazi ndogo. Kilichomfanya Mwanaidi akae ndani wiki nzima ni springi za pedali, zile zinazobana kiatu. Hukusikia? Pale mataa ya Morocco, saa kumi na moja jioni, bajaji zimejipanga, daladala zimejaa, yeye kavaa miwani ya mbio na viatu vipya vimenasa kwenye pedali. Taa ikawa nyekundu. Akasimama vizuri kabisa, akatulia, halafu taratibu sana akaanza kulala upande wa kulia, na baiskeli, na miwani, mpaka chini. Konda mmoja akamwita, “Dada, umelala kituoni!” Alichubuka kiwiko tu, lakini heshima, kaka... Alikuta springi zimekazwa toka dukani na hakuzigusa.

Kwa hiyo kabla hujapanda, chukua alenki ndogo, ya 3, tafuta skrubu yenye alama ya kuongeza na kutoa kwenye pedali. Zikiwa za kunasa pande zote mbili, kila pedali ina skrubu mbili, usiache hata moja. Zirudishe upande wa kutoa mpaka karibu na mwisho. Utakaza baadaye ukizoea. Kisha egemea ukuta, nasa, zungusha kisigino kwenda nje, toka. Nasa, toka. Rudia mpaka mama aulize kama una akili timamu. Halafu nenda kwenye nyasi za uwanja wa shule, wanafunzi wakiwa wameshaondoka. Barabarani toa mguu wa kushoto kabla hujasimama, si baada, kwa sababu sisi tunapita kushoto na ukingo wa barabara uko huko. Ukilalia kulia unalalia kwenye magari. Mwanaidi alitoa wa kushoto akaegemea kulia, ambako mguu bado umenasa. Usimwambie nimekwambia.

Vile vibati vya chini ya viatu, vinavyonasa kwenye pedali, navyo vina mambo. Vinakaa chini ya pale unyayo unapotanuka, kati ya fundo la kidole gumba na fundo la kidole kidogo. Vaa kiatu, papasa hayo mafundo, weka alama kwa karatasi ya gundi pembeni ya kiatu, kibati kikae katikati ya alama hizo au nyuma kidogo, usikipeleke mbele. Pembe yake nayo: kaa mezani, miguu ining'inie, tazama vidole vinaelekea wapi. Wewe unatembea vidole vikitazama nje kama bata (samahani, ila ndivyo), basi kibati kikufuate. Ukilazimisha miguu inyooke, magoti yatakulipa kabla hujafika hata Himo.

Na bolti za vibati, kwa alenki ya 4, zikaze, kisha baada ya safari ya kwanza zikague tena. Hili nalo usilidharau. Bolti ikilegea, kisigino kitazunguka na kiatu kitazunguka, lakini kibati kitabaki kimenasa pale pale. Hapo hata ukijua fizikia yote hutoki, utavua kiatu au utaanguka nacho.

Mzee Chande ananiambia tunajisumbua, kwamba yeye alikwenda Bagamoyo miaka na miaka na Phoenix na kandambili. Nikamwambia Mfaransa Bernard Hinault alishinda mbio za baiskeli za Tour de France 1985 na pedali za kampuni ya Look iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji. Akajibu, “Bagamoyo kuna theluji?” Sikuwa na jibu. Na kusema kweli kwa safari ya sokoni sizioni faida yake. Kwa mwendo mrefu, hasa mlima na barabara yenye matuta, mguu usioruka kutoka kwenye pedali ni raha yake. Lakini tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yalipokuja Kigali 2025, kila kijana wa huku anataka viatu vya kugonga sakafu, hata wa kupeleka chapati.

Haya, niache. Sijui kama nimekwambia: ya kushoto, ukifungua, ekseli izunguke kuelekea nyuma. NYUMA. Nimeichora pia nyuma ya bahasha, mshale mwekundu, ili hata mchomeleaji akiiona aelewe.

Sasa nijibu, na ujibu kwa Rehema, si kwa simu yako hiyo ya mapambo. Viatu alivyoleta shemeji kutoka Muscat, umevigeuza chini? Vina matundu mawili au matatu ya pembetatu? Yakiwa matatu na pedali ni za matundu mawili, havitaelewana na tutafute vingine mapema. Vibati vyenyewe vimeandikwa SH51 au SH56? Vikiwa 56 ni afadhali kwako, vinaachia mguu pande nyingi, ni vya mtu anayeanza. Pedali zako za zamani unazipeleka wapi? Kijana wa dada ana baiskeli yenye pedali moja na kijiti, usizitupe. Ile safari ya Bagamoyo likizo ya Juni bado ipo au mama ameshaifuta? Deni langu la matairi unalikumbuka au nikae kimya? Na nani alikwambia habari ya kupasha moto, ni yule wa maabara? Nilijua tu.

Rehema kanyanyuka. Spana, Elia. Jumatatu.

Wako,
Hamisi