Barua kwa mwanangu, kabla hujapanda ndege ya Tunisia

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako umefika, kwamba chuo kimeisha, joho umerudisha na tiketi umekata uende ukacheze tenisi ya kulipwa. Mamako alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza kuna harusi ya nani. Mimi nami nilifurahi, Mungu ni shahidi. Lakini usiku sikulala.

Juma lililopita nilikuwa kwa kinyozi. Kijana aliyekaa kando yangu alikuwa ameinamia simu, anahesabu kwa sauti: kumi na tano, thelathini. Nikachungulia, nikaona jina lako. Ilikuwa ile mechi yako ya raundi ya pili. Mwamuzi akibofya alama kule Marekani, tarakimu zinageuka hapa Majengo. Kijana alikuwa amekuwekea dau la shilingi mia tano. Ulipopoteza gemu la mwisho akakutukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Mimi nina povu kidevuni, nikanyamaza. Sikumwambia kwamba huyo ni binti yangu. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Nilikuwa nikidhani hizo kamari ni za mpira wa Uingereza. Sikujua kwamba hata mashindano ya chini kabisa, ambayo zawadi yote ni dola 15,000 wagawane wachezaji wote, yanabetiwa na watu wasiomjua mchezaji hata mmoja. Nilipomuuliza kocha wa klabu akacheka kwa huzuni. Akanisomea ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2018: waliulizwa wachezaji zaidi ya 3,200, na 464 wakasema wanajua kwa macho yao wenyewe kuhusu mechi zilizouzwa, yaani mchezaji analipwa apoteze makusudi. Wengi wa wanaonaswa ni wa ngazi za chini, huko huko unakoanzia.

Basi nakuuliza, na nataka unijibu kwa kuandika, si kwa simu: je, kuna mtu ameshakutumia ujumbe?

Maana hao wanunuzi wa mechi hawaji wakikwambia ushindwe. Kocha anasema wanaomba kitu kidogo, gemu moja, seti ya kwanza tu, halafu mechi shinda mwenyewe. Upige wavuni mpira wa kuanzia mara mbili, nani atajua? Na wanajua hesabu zako kuliko mimi. Wanajua anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata dola 200, na chumba cha hoteli cha juma moja kinazidi hapo. Chuoni raketi, nyuzi, ndege na daktari wa misuli vilikuwa juu ya timu. Mlikuwa wachezaji sita kwenye viwanja sita. Wewe ukiteleza, mwenzio anaokoa. Huko Monastir, mji wa Tunisia unakokwenda, utakuwa peke yako, juma baada ya juma, na hakuna wa kukupigia makofi. Mtu akiwa peke yake na mfuko mtupu, ndipo jambo dogo linapoonekana dogo kweli.

Kanuni unazijua kuliko mimi, lakini nazirudia. Ukipokea ujumbe kama huo ukanyamaza, kunyamaza kwenyewe ni kosa. Usiufute. Piga picha, uwaripotie wanaosimamia uadilifu wa tenisi siku hiyo hiyo, kisha unipigie mimi hata kama ni saa tisa usiku. Sitagomba. Najua wewe huwa hunipigii mambo yakiharibika. Ulipoumia kifundo cha mguu nilisikia kwa watu baada ya miezi miwili. Hilo lilinivunja moyo, na sijakusamehe sawasawa.

Usidhani namdharau binti yangu. Ninayaandika haya nikijua umefika mahali ambapo hapa kwetu wamefika wachache. Klabuni bado wanamtaja Paul Wekesa, aliyefika nambari 100 ya dunia mwaka 1995, na wadogo sasa wanamtaja Angella Okutoyi, aliyetwaa kombe la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 kisha akaenda kusoma chuo cha Auburn, Marekani. Wale waliosema chuo kitakuchelewesha niliwatajia Danielle Collins, Mmarekani aliyemaliza chuo cha Virginia mwaka 2016 na akacheza fainali ya mashindano makubwa ya Australia mwaka 2022. Alfajiri nikimwagia maji kiwanja na kuvuta gurudumu, kabla sijapiga chokaa mistari, huwa nakuona pale kwenye kona ya nyuma. Mengine ya pale unayakumbuka, sina haja ya kuyaandika.

Kula vizuri. Usikope pesa kwa mchezaji mwenzio. Wala usikope kwa mtu anayejiita wakala, hata akiwa Mkenya, hata akikwambia ananijua. Swala usiache. Nyuzi zikikatika ufunge mwenyewe kama ulivyokuwa ukiwafungia wenzio chuoni, usilipe mtu.

Nikitaja kulipa, nakumbuka zile pesa ulizotuma mwaka juzi za mabati ya jikoni. Nilikwambia mabati yamepanda bei. Hayakupanda. Nilikuwa na mkeka wa kamari wa timu saba, sita zikaingia, moja ikaniangusha. Mamako hajui, na sijui kama nitamwambia. Ndiyo sababu nikikuuliza habari ya jambo dogo sikuulizi kama mzee asiyejua. Najua linavyoanza. Linaanza na mtu kujiambia kwamba atarudisha kabla hawajagundua.

Sasa ya nyumbani. Nyanyako goti limepungua maumivu, anapaka mafuta ya simsim na anakataa kwenda hospitali. Mdogo wako amemaliza mtihani wa majaribio, hesabu si mbaya, Kiingereza tusiseme. Mamako mahamri yanatoka vizuri, ila mbaazi ghali, siku nyingine anauza na chai peke yake. Anauliza kama hoteli ya huko ina jiko. Nimemwambia kuna jiko la wenyeji, mwenyewe sina hakika, basi ukifika mwambie. Amekufungia pilipili ya unga na karafuu. Jamaa mmoja wa klabu anasafiri mwezi ujao, atakuletea pamoja na ile kofia yako nyeupe. Nimeifua, doa la udongo halikutoka.

Kuhusu mabati, tangu Ramadhani naweka kila mwisho wa mwezi. Yanatakiwa kumi. Nimeshanunua sita, yako uani yameegemea ukuta wa choo, nimeyafunika turubai. Fundi anasema tukipata hayo manne kabla ya vuli, siku moja inatosha.

Nijibu lile nililokuuliza.

Babako